Heroe wa Nakuru: ni Sumu ya Mwani au ni Njaa?

Kila heroe (flamingo) wanapopungua Ziwa Nakuru, Kenya, au mizoga inapoonekana ufuoni, lawama huanzia kwenye sumu: maji taka ya mji, dawa za mashambani, na siku hizi mwani. Hili la mwani si uvumi. Watafiti walipima maziwa ya Nakuru na Bogoria wakakuta sumu mbili za mwani: mikrosistini, inayoharibu ini, na anatoksini-a, inayolemaza neva. Zilikuwemo hata kwenye tando za mwani kando ya chemchemi za moto za Bogoria, ambako ndege hawa huenda kunywa na kuoga kwa sababu maji ya ziwa ni ya magadi. Mizoga iliyopinda shingo hadi mgongoni nayo inalingana na sumu ya neva.

Huko Florida, mwaka 2004, pomboo 107 walikufa, na sumu ya mwani ikapatikana kwenye samaki waliokuwa matumboni mwao. Pomboo angalau hula samaki aliyekula mwani. Heroe humeza mwani wenyewe.

Ila kufa na kuhama ni maswali mawili, na wengi huyachanganya. Heroe mdogo (ni jina la spishi, si kinda) huhitaji takriban gramu 70 za mwani mkavu kwa siku, hasa Arthrospira, ule unaouzwa madukani kwa jina la spirulina. Huchuja kama lita 30 kwa saa, kwa saa 12 hivi. Piga hesabu: lita 360 kwa siku, kwa hiyo kila lita sharti iwe na karibu gramu 0.2, hata kama mdomo haupotezi chembe. Ikishuka hadi gramu 0.1, angelazimika kuchuja zaidi ya saa 23. Ndege huyo hahitaji sumu ili aondoke; atafuata chakula kwenye maziwa mengine ya magadi: Elmenteita, Bogoria, hata Natron huko Tanzania.

Na mwani huu huporomoka bila mtu kuutia sumu. Nakuru uliporomoka mwaka 1974. Baadaye watafiti walionyesha kuwa virusi vinavyoushambulia vinaweza kuupunguza kiasi cha kupunguza heroe pia. Tangu karibu mwaka 2010 ziwa limepanda, lango kuu la hifadhi likafurika, magadi yakazimuliwa. Arthrospira hupenda maji mazito ya magadi. Ikipungua, mwani mwingine, Anabaenopsis, huweza kushika nafasi yake, na makundi yake yenye utelezi huziba kichujio cha mdomo. Hapo ziwa linabaki kijani, wageni wanaliona limejaa chakula, huku ndege wana njaa. Kwa kuhama, basi, upande wa njaa unanishawishi zaidi.

Kwa vifo sina wepesi huo. Katika vifo vya miaka ya 1990 ilipatikana pia bakteria ya kifua kikuu cha ndege, na metali nzito nazo zilishukiwa, hivyo sumu ya mwani kukutwa kwenye ini haitoshi kuwa hukumu. Wala kutokutwa si ushahidi kwamba haikuwepo. Anatoksini-a huvunjika upesi kwenye jua na maji ya alkali, na pH (kipimo cha asidi na alkali) ya maziwa haya hukaribia 10. Mikrosistini hujifunga kwenye protini za ini, kwa hiyo maabara ikiikamua kwa methanoli, kama ilivyo kawaida, hupata ile iliyo huru tu. Maabara ikiandika “haikupatikana” baada ya mzoga kulala juani siku mbili, jibu hilo halina uzito.

Mzoga wa kupimwa uwe wa saa chache. Ini na yaliyomo tumboni viwekwe kwenye chupa tofauti za kioo, gizani, juu ya barafu. Kipande kingine cha ini kitiwe fomalini kwa ajili ya hadubini. Maji yachotwe pale ndege walipokuwa wakila na pale walipokuwa wakinywa, si pale gari lilipoegeshwa tu. Lakini kabla ya yote hayo, papasa kidari. Mfupa ukiwa umechomoza na nyama imeisha, ndege alikonda kwa majuma, na njaa au ugonjwa wa muda mrefu ndio wa kuchunguzwa kwanza. Kidari kikiwa kimejaa nyama, alikufa ghafla, na hapo pesa za kupima sumu zina kazi.