Kifafa cha tegu: tuanze na nguruwe au na mtu?

Mahindi yakishavunwa, katika vijiji vingi vya Mbozi na Mbeya vijijini nguruwe waliokuwa wamefungiwa hufunguliwa wajitafutie. Sehemu ya kifafa cha huku huanzia hapo, ingawa anayeanguka huenda hajawahi kuonja kitimoto.

Watu huchanganya njia mbili. Ukila kitimoto kibichi chenye malengelenge, yaani vifuko vya viluwiluwi vya tegu, meupe kama punje za mchele, unapata tegu tumboni, mnyoo wa mita kadhaa. Baada ya miezi miwili hivi anaanza kudondosha vipingili vya mwili wake, na kimoja kinaweza kubeba mayai 50,000. Tegu huyo mwenyewe haleti kifafa. Kinacholeta ni mayai yake, yanayotoka na kinyesi. Nguruwe akiyala, nyama yake inajaa malengelenge. Binadamu akiyameza kwenye mboga mbichi, maji, au kwa mkono wa mpishi mwenye tegu asiyenawa, kiluwiluwi hutoboa utumbo, huingia kwenye damu na wakati mwingine hutua ubongoni na kuwa lengelenge.

Lengelenge lililo hai hujificha, na kinga ya mwili inaweza isiligundue kwa miaka. Linapoanza kufa ndipo linaposhambuliwa: ubongo unavimba kulizunguka, seli za jirani zinarusha umeme ovyo, mtu anaanguka. Hatimaye hubaki kovu gumu kama chokaa, nalo pia huchokoza. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, penye tegu wengi asilimia 30 hivi ya kifafa hutokana na hali hii.

Sasa ubishi. Wapo wanaotaka kijiji kizima kipewe dawa ya minyoo, kwa sababu mtu mmoja mwenye tegu anachafua mtaa mzima. Hoja ni nzito. Tatizo ni praziquantel, mojawapo ya dawa hizo: huingia kwenye damu, na kwa mwenye malengelenge ubongoni asiyejijua inaweza kuyaua yote kwa pamoja na kumletea degedege siku hiyo hiyo. Dawa nyingine, niklosamidi, gramu 2 mara moja kwa mtu mzima, hubaki tumboni, hivyo ni salama zaidi, ila kuipata ni kazi.

Wengine wanasema tufungie nguruwe bandani na kuwatibu. Oksifendazo, dawa ya minyoo ya mifugo, miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito, dozi moja, huua malengelenge ya kwenye nyama. Nguruwe wa kilo 50 anahitaji miligramu 1,500, na asichinjwe kwa wiki tatu. Lakini mfugaji alipe kwa faida gani, ikiwa mchinjaji anatazama unono tu? Na pumba za kumlisha bandani mwaka mzima zina bei yake. Kukagua ulimi wa nguruwe kutafuta malengelenge hakutoshi: ulimi huonyesha walioathirika sana, wenye malengelenge machache wanapita.

Kwa maoni yetu, banda na choo vitangulie, maana bila hivyo tegu aliyetolewa leo anarudi mwakani. Ila aliyekwisha anguka hawezi kungoja choo. Huyo aanze fenobabitali, dawa ya kuzuia kifafa, kidonge cha usiku kisichorukwa hata siku moja. Akiacha ghafla, degedege linaweza kurudi mfululizo bila kukatika. Akichanganya na pombe ya ulanzi, usingizi unazidi na pumzi inaweza kupungua. Na asijinunulie dawa ya minyoo ya albendazo dukani: malengelenge ya ubongoni hutibiwa baada ya picha ya kichwa ya CT, pamoja na dawa ya kutuliza uvimbe, chini ya jicho la daktari.