Parachichi Lenye Surua

Mama mmoja wa kikundi cha wakulima wa parachichi aliingia steshenari yetu pale Mwanjelwa, akataka bango la mita 3 kwa 1. Nembo alinitumia kwa WhatsApp: parachichi lililokatwa katikati, pikseli (vile vitone vinavyounda picha) 400 kwa 400, faili la JPEG, aina ya picha iliyobanwa, KB 24. Kwenye simu lilipendeza hadi ukatamani chumvi.

Nilipolikuza kwenye kompyuta, kingo zikaonyesha ukungu. "Usijali mama," nikasema kwa sauti ya daktari bingwa, "naigeuza PNG, aina nyingine ya faili la picha. Ile haipotezi kitu." Faili likapanda hadi KB 190. Nikamwonyesha ile namba kama mtu aliyenenepesha ng'ombe.

Ni kweli PNG haipotezi kitu. Haipotezi hata uchafu! JPEG huigawa picha vipande vya pikseli 8 kwa 8, na ndani ya kila kipande hutupa yale madogo ambayo jicho halitayaulizia. Rangi huipunguza zaidi kuliko mwanga. Kilichotupwa hakirudi. PNG yangu ilizitunza kasoro zote kwa uaminifu, ndiyo maana ikavimba.

Kwenye bango nembo ilipewa upana wa sentimita 80. Piga hesabu ambayo mimi sikuipiga: pikseli moja milimita 2, kipande kimoja milimita 16. Halafu JPEG haina uwazi wa kuonyesha rangi iliyo nyuma yake, na kuigeuza PNG hakuuleti wenyewe, kwa hiyo parachichi lilikaa ndani ya mraba mweupe juu ya bango la kijani.

Mama akalitazama weee. "Mwanangu, hili lina surua? Na hii bandeji je?"

Bango la pili nililipia mimi. Nilimwomba achukue nembo ya awali kwa kijana aliyeichora, itumwe kama dokumenti na si kama picha, maana WhatsApp ikiona picha lazima iibane. Ikaja PNG ya pikseli 2400, nyuma hamna rangi yoyote. Nikafanyia kazi hiyo hiyo mpaka mwisho. JPEG nilitoa moja tu, ubora 90, ya kumwonyesha mama kwenye simu.

Lile la kwanza hakulitupa. Analifunikia viazi Uyole, picha juu. Kila nikipita na daladala naliona, na kwa umbali ule, wallahi, limetoka safi.