Chikanda na korongo taji: tumlinde nani kwanza?

Ukiuliza watu wa Mbeya tumlinde nani kwanza, ndege aitwaye korongo taji au okidi, maua ambayo viazi vyake huliwa kwa jina la chikanda, wengi watakutajia korongo taji, na wana hoja. Mwaka 2012 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ilimweka kwenye kundi la walio hatarini kutoweka. Sababu tunaziona bonde la Usangu: tindiga, yaani maeneo oevu, zinageuka mashamba ya mpunga, naye hutaga mayai mawili au matatu kati ya nyasi ndefu zilizosimama majini. Makinda nayo hukamatwa yakauzwa hai. Familia ya makorongo duniani kote ina spishi 15 tu.

Sasa panda hifadhi ya Kitulo, iitwayo Bustani ya Mungu, Januari mvua ikiwa imekolea. Kuna spishi kama 45 za okidi za ardhini, za familia yenye spishi zaidi ya 25,000. Kwa wingi huo, mtu husema maua hayawezi kumalizika. Mimi sikubaliani naye. Chimbua shina moja, utakuta viazi viwili. Kimoja kimenywea, maana kimeshalisha ua la mwaka huu. Cha pili ni kigumu na cheupe, akiba ya mwaka ujao. Hicho kigumu ndicho chikanda chenyewe, kinachovushwa Tunduma kwenda Zambia kutwangwa na kupikwa na karanga. Ukishakitoa, mmea umekufa. Mbegu zake ni laini kama vumbi, na hazioti bila kuvu wa udongoni.

Kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, wote wawili wako Kiambatisho cha Pili: kuwauza nje ya nchi kunataka kibali. Lakini gunia la viazi halina manyoya wala mlio wa kulitambulisha mpakani. Tena okidi nyingi hazijawahi kupimwa ziko hatari kiasi gani, nasi tunadhani ambacho hakijapimwa kiko salama.

Wapo wanaosema chikanda inalipa ada za watoto Makete. Ni kweli, na viazi mviringo peke yake havitoshi kila nyumba. Kwa hiyo simwombei mchimbaji kifungo. Korongo aendelee kulindiwa tindiga yake, ila okidi nazo zihesabiwe kila msimu wa maua, nje ya mipaka ya hifadhi pia, na wanaohesabu wawe wachimbaji wenyewe, kwa malipo. Wao wanazijua hata zikiwa majani matupu.