Dakika Tano Tu, Kaka

Leo nimerudishiwa hojaji ambayo mtu amejibu "Sina uhakika" kuanzia swali la kwanza mpaka la 42. Yote. Tiki zimeshuka katikati ya ukurasa kama reli, hazijapinda popote, na ukifungua ukurasa wa pili reli inaendelea. Hata pale juu kabisa, nilipouliza yuko mwaka wa ngapi wa masomo, amechora kisanduku chake pembeni, akakiandikia "sina uhakika", akakitia tiki. Hapo sikumlaumu sana, maana masomo ya kurudia yanaweza kumpoteza mtu asijue yuko wapi. Lakini kalamu niliyompa ajazie ameondoka nayo. Kwenye kalamu uhakika alikuwa nao.

Na mimi ni mtafiti, jamani. Naomba hilo lieleweke kabla sijaendelea. Nina barua yenye muhuri. Nina faili la plastiki lenye kifungo. Kwenye ukurasa wa kwanza nimejitambulisha kwa adabu zote, nimeandika "Ndugu mshiriki mpendwa", namwandikia hivyo mtu ambaye tukikutana kwenye foleni ya kuchapisha ananipanda mgongoni. Mada: uzoefu na maoni ya wanafunzi wa chuo kikuu kuhusu mazingira ya kujifunzia. Sikuichagua mimi. Niliyoichagua ilirudi na mstari mwekundu kutoka kona hadi kona, mnajua wenyewe.

Natakiwa kupata hojaji 370. Chuo kina wanafunzi kama 10,000, na kuna jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970, la kukuambia uhoji watu wangapi, ambalo ukiliendea na 10,000 linakupa 370, halitaki maelezo. Cha ajabu, ukiliendea na milioni moja linakupa 384. Yaani watu 990,000 wameongezeka, jedwali limeongeza 14. Nikaona mwanya. Nikaenda kwa msimamizi wa tasnifu yangu nimenyoosha shati.

"Mwalimu, kama watu milioni wanatosheka na 384, mimi hata 200 si zinanifaa?"

Akavua miwani. Akivua miwani ujue tunaelekea mwaka 1936. Mwaka huo jarida moja la Marekani, Literary Digest, lilituma karatasi za maoni ya uchaguzi wa rais kama milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba mgombea Landon anamshinda Rais Roosevelt. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Tatizo, anasema msimamizi, ni kwamba majina mengi yalitoka kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, na enzi zile mwenye simu na gari hakuwa mtu wa mtaani.

"Kwa hiyo wingi si hoja!" nikadakia.

"Wingi si hoja," akakubali, akavaa miwani. "Ila wewe leta 370."

Basi nikaingia uwandani, na uwanda wenyewe ni korido. Kuna wapenzi wawili walionakiliana majibu kama wako kwenye mtihani, kisha wakaniuliza wamepata ngapi. Kuna wa mwaka wa kwanza aliyeuliza kama hii inahesabika kwenye alama za mwisho, na Mungu anisamehe, sikumjibu haraka. Niliweka kiungo kwenye kundi la WhatsApp la watu 240, nikapata dole gumba 11 na jibu moja, nalo ni langu la majaribio. Na kuna hawa watafiti wenzangu, ambao hawajazi mpaka na wewe ujaze za kwao. Maoni yangu kuhusu usafi wa mabweni sasa yamo kwenye tasnifu tano, na hayafanani.

Ila hao wote ni nafuu. Kuna huyu wa maktaba.

Alikuwa amekaa peke yake karibu na dirisha, kitabu kimefungwa, macho yako wazi. Nikajisemea huyu ndiye. Nikamwendea na tabasamu la kitafiti. "Kaka, samahani, dakika tano tu."

Akapokea karatasi kwa mikono miwili. Akaanza kusoma fomu ya ridhaa. Ndugu zangu, fomu ya ridhaa haisomwi! Mimi mwenyewe niliyeiweka sijawahi kuimaliza, nimeirithi kwa aliyenitangulia, naye aliirithi. Huyu alikuwa anaisoma na kidole.

"Hapa umeandika ushiriki ni wa hiari."

"Ndiyo, kaka."

"Na naweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu."

"Kabisa."

"Basi najitoa."

"Kaka, tafadhali."

"Sasa hiari iko wapi?"

Nikakosa jibu. Akanihurumia, akaandika tarehe, akatia sahihi, kisha akatoa simu na kuwasha saa ya kuhesabu dakika, akaiweka mezani katikati yetu.

Swali la kwanza: Nimeridhika na ubora wa mihadhara na vifaa vya kufundishia. Akalitazama muda mrefu.

"Mihadhara nimeridhika," akasema. "Vifaa hapana. Ile projekta ya ukumbi mkubwa inaonyesha nusu ya slaidi, nusu nyingine tunaikisia. Niweke tiki wapi?"

"Weka hapo katikati."

"Katikati pameandikwa 'Sina uhakika'. Mimi nina uhakika mara mbili."

Nikamweleza kwamba ngazi hii ya hatua tano, 1 ya kukataa kabisa mpaka 5 ya kukubali kabisa, haikutungwa na mimi. Aliyeileta ni Mmarekani, Rensis Likert, mwaka 1932, na dunia nzima inaitumia. Akauliza kama huyo Likert aliwahi kuweka maswali mawili ndani ya moja. Nikanyamaza. Akaandika pembeni kwa mwandiko mzuri sana: "Mihadhara 4, projekta 1." Nikaona kijasho.

Swali la tano: mara ngapi unatumia maktaba? Majibu: mara nyingi, mara kwa mara, sina uhakika, mara chache. Akataka kujua mara nyingi inaishia wapi na mara kwa mara inaanzia wapi. Nikasema tumia busara. Akasema anakuja kila siku, ila anakuja kulala, kwa sababu mwenzake wa chumbani anafanya mazoezi ya kuhubiri. "Hiyo ni kutumia maktaba au ni kutumia kiti?"

"Kaka, weka tiki popote."

"Popote?" Akanitazama kama daktari anayesikia mgonjwa anajipangia dozi. "Kwa hiyo na wewe hutaki kujua?"

Swali la 12 ndilo lililonimaliza. Wahadhiri hawachelewi kuingia darasani. Kubali au kataa. Akaanza taratibu: nikikataa kwamba hawachelewi, nimesema wanachelewa. Nikikubali kwamba hawachelewi, nimesema wanawahi. Nikaitikia kwa kichwa, ingawa katikati nilishapotea.

"Sasa mhadhiri wetu wa Jumatano," akasema, "hachelewi."

"Vizuri! Basi kubali."

"Haji kabisa. Mtu asiyekuja anachelewaje?"

Watu wa meza ya jirani wakageuka. Mmoja akasema kweli, hajaja tangu muhula uanze. Mwingine akasema alikuja mara moja, akaacha koti kwenye kiti, akaondoka. Ukazuka mjadala juu ya lile koti, kama lihesabiwe mahudhurio. Mkutubi akaja, akaninyooshea kidole mimi mwenye barua yenye muhuri, akaniambia nitoke nje na mkutano wangu. Sote tukashusha sauti, tukaendelea kwa kunong'ona kama tunapanga mapinduzi.

Tukafika swali la mwisho, lile la wazi: Una maoni gani mengine? Hapo nimeweka mistari miwili ya nukta nukta. Mistari miwili ile, niseme ukweli, ni pambo. Watu huandika "hakuna" na nukta, au "asante". Huyu akajaza miwili, akageuza karatasi, akajaza nyuma, akaniomba nyingine. Nikampa kile kipande nilichokuwa nahesabia waliokataa.

Aliandika kwamba tangu aingie chuo hii ni hojaji yake ya kumi na moja, ukijumlisha na zile za kutathmini kozi kila mwisho wa muhula. Kwamba zote aliandika habari za projekta. Za kwanza aliandika na namna ya kuitengeneza, kwa sababu kwao ni mafundi. Kwamba projekta bado inaonyesha nusu. Akauliza, kama hatawaudhi wahusika, yale majibu huwa yanakwenda wapi.

Akasimamisha saa. Dakika 53. "Uliomba tano. Unadaiwa 48." Kisha akanirudishia kalamu ikiwa na mfuniko wake. Katika watu wote niliowafikia, ni yeye peke yake.

"Matokeo utatuletea?" akauliza.

"Bila shaka," nikasema. Ndivyo tunavyosema.

Jana usiku ndiyo nimekaa kuingiza data. Programu inataka namba, 1 mpaka 5, haitaki hadithi. Nikafika kwenye karatasi yake. "Mihadhara 4, projekta 1." Kwenye maktaba: "Kiti 5." Kwenye lile la wahadhiri ameandika "Rejea hoja ya koti." Nikampigia msimamizi.

"Maswali yenye majibu ya namna hiyo," akasema, "weka 99."

Ninajua 99 ni nini. Ni namba ya jibu lisilokuwepo. Yaani hakujibu. Mtu amekaa dakika 53, amesoma fomu ya ridhaa na kidole, amegeuza karatasi, na mimi kwa mkono wangu nikaandika 99, 99, 99, kwamba hakuwa na la kusema. Halafu leo naletewa huyu wa reli, hakusoma hata neno, na anaingia kwenye mashine bila hata kukwaruza: 3, 3, 3, 3. Kanuni inaniruhusu kumtupa, najua. Lakini nimepata 194, nikimtupa nabaki na 193, na tarehe ya mwisho haina hiari wala haina kipengele cha kujitoa. Basi ameingia. Kwenye Sura ya Nne, ile ya matokeo, atakuwa asilimia ya kitu fulani, na mimi nitaandika "wahojiwa walibainisha". Amebainisha nini? Amebainisha kalamu yangu!

Ile karatasi ya pili ya huyu wa maktaba nimeikunja nikaitia ndani ya faili la plastiki, nikafunga kifungo. Mahali pa kuiweka kwenye tasnifu hapapo, msimamizi kasema viambatisho vimetosha. Nilifikiri niende mwenyewe nikaiangalie hiyo projekta, nikakumbuka ukumbi ule hufungwa na ufunguo anao mhadhiri wa Jumatano.

Halafu tuzungumzie hizi kalamu. Nilianza na boksi la 50. Leo nimezihesabu, zimebaki nne, na moja kati ya hizo nne si yangu. Ni nyeusi, imetafunwa upande wa juu na mtu mwenye meno ya nguvu, sijui nimeitoa wapi, na inaandika kuliko zote nilizonunua. Nimeipangusa, nimeizoea. Ya bluu niliiacha hapa mezani asubuhi, ile aliyonirudishia yeye, ilikuwa na mfuniko wake kabisa, na chumbani sijaingiza mtu zaidi ya yule jirani aliyekuja kuuliza kama nina dakika tano.