Fedha ya Antivirusi Inunue Bando na Diski ya Nje

Mtu anayetumia kompyuta nyumbani kwa kuandika, kusoma, kutazama filamu na kutuma barua pepe, iwapo kompyuta hiyo ina Windows halali inayopokea masasisho, hahitaji kulipia programu ya kuzuia virusi. Nayasema haya nikifahamu kwamba wauzaji wengi wa kompyuta, na hata mafundi ninaowaheshimu, wanashauri kinyume chake, na kwamba miaka kumi na tano iliyopita ushauri wao ulikuwa sahihi kabisa. Lakini tangu wakati huo Windows yenyewe imebadilika, wahalifu nao wamebadili njia, na fedha ambayo familia huitenga kila mwaka kwa ajili ya leseni ya antivirusi ingewalinda zaidi kama ingetumika mahali pengine.

Zama za Windows XP, kompyuta ilitoka dukani bila kinga yoyote ya maana dhidi ya virusi, na aliyeinunua alilazimika kujitafutia. Mwaka 2009 Microsoft ilianza kutoa Security Essentials bila malipo kwa yeyote aliyekubali kuipakua, na mwaka 2012, ilipotoka Windows 8, kinga hiyo iliingizwa ndani ya mfumo wenyewe kwa jina la Windows Defender. Walioibeza wakati ule hawakuionea: AV-TEST, maabara ya Magdeburg nchini Ujerumani ambayo kazi yake ni kuzipima programu hizi, iliipa alama za mkiani katika kipengele cha ulinzi. Sifa hiyo mbaya ndiyo inayorudiwa madukani hadi leo, ilhali kitu chenyewe si kile tena. Kwa miaka kadhaa sasa Defender imekuwa ikipata mara kwa mara alama 6 kati ya 6 za ulinzi katika vipimo vya maabara hiyohiyo, bega kwa bega na programu zinazouzwa, na imo ndani ya kila Windows 10 na 11 bila kudai malipo yoyote.

Ina udhaifu mmoja ambao haupaswi kufichwa, kwa sababu unatugusa sisi kuliko mtu ambaye intaneti yake haikatiki. Defender hutegemea sana seva za Microsoft ili kuzitambua faili ngeni, na vipimo vya AV-Comparatives, taasisi ya Innsbruck nchini Austria, vimeonyesha mara kadhaa kwamba kompyuta ikikosa intaneti uwezo huo hushuka chini ya ule wa baadhi ya washindani wake. Kwa mtu ambaye bando limekwisha tangu juzi na anachomeka flashi aliyotoka nayo steshenari, hilo si jambo dogo. Hata hivyo, dawa yake si lazima iwe leseni ya kulipia. Kampuni kama Bitdefender hutoa toleo la bure lenye injini ileile ya kutambua virusi iliyomo katika toleo la kulipia. Anayelipa huongezewa mengine, kama vile VPN (huduma ya kuficha mawasiliano ya mtandaoni), mahali pa kutunzia nywila na udhibiti wa matumizi ya watoto, na wengi wanaoyalipia hayo hawajawahi kuyafungua hata mara moja.

Anayeijua kero ya shotikati atanielewa ninaposema kwamba flashi inastahili tahadhari yake peke yake. Mtu anarudi kutoka kuchapisha barua ya maombi ya kazi, anafungua flashi na kukuta kila folda imegeuka kuwa alama yenye kishale kidogo pembeni. Folda halisi bado zimo ndani, ila zimefichwa, na mahali pake vimewekwa viungo vyenye majina yaleyale, ambavyo vikibofywa huendesha kwanza msimbo uliojificha ndani ya flashi, kisha hufungua folda iliyokusudiwa ili mwenye mali asishuku lolote. Kwa kubofya huko mara moja virusi vimeshahamia kwenye kompyuta, na kila flashi itakayochomekwa baadaye itapatwa na yaleyale. Nimewaona watu wakifomati, yaani kufuta kila kitu, flashi yenye picha za harusi kwa kuamini kwamba zimeshapotea, wakati amri moja tu ya attrib, inayoondoa alama ya kufichwa, ingezirudisha zote. Virusi vya namna hii ni vya zamani na Defender inavifahamu vyema. Isitoshe, vinaweza kuepukwa hata pasipo programu yoyote: flashi ya kwenda steshenari ibebe PDF ile moja ya kuchapishwa na isiwe na kitu kingine, na ikirudi ifomatiwe kabla ya kutumika tena.

Balaa kubwa zaidi majumbani kwetu huingia kwa mlango tunaoufungua wenyewe. Fundi akiletewa kompyuta iliyokwama, mara nyingi huweka Windows upya, huiamilisha kwa programu ya kuvunja leseni, yaani kraki, kisha huongeza Office na programu ya kuhariri picha zilizopatikana kwa njia hiyohiyo. Maelekezo ya kraki nyingi huanza kwa kuagiza antivirusi izimwe, na fundi hutii, wakati mwingine akiliacha folda zima katika orodha ya vitu visivyokaguliwa. Tukifika hapo, mjadala wa kulipia au kutolipia umekosa maana, kwa sababu hakuna antivirusi, hata iwe ya bei gani, inayoweza kumkamata mwizi ambaye mwenye nyumba amemfungulia geti na kumwambia mlinzi akalale. Desemba 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza jinsi visakinishi bandia vya KMSPico, kraki maarufu ya Windows na Office, vilivyokuwa vikipandikiza CryptBot, programu inayoiba nywila zilizohifadhiwa kwenye vivinjari pamoja na pochi za sarafu za kidijitali. Kuna pia virusi vya kuteka faili, yaani vinavyozifunga faili na kudai fedha ili zifunguliwe, viitwavyo STOP au Djvu, ambavyo vimeishi miaka mingi kwa kujificha ndani ya kraki, na wanaoumizwa navyo si mabenki bali ni watu wa nyumbani. Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa chombo cha bure cha kufungua faili zilizotekwa na matoleo 148 ya virusi hivyo, lakini faili nyingi zilizotekwa na matoleo yaliyokuja baadaye hazifunguki. Mwanafunzi aliyepoteza tasnifu yake kwa namna hiyo hakuipoteza kwa kukosa leseni ya antivirusi. Linalonisikitisha kuliko yote ni kuwaona watu wakisaka mtandaoni kraki ya antivirusi yenyewe, wakiamini kwamba wanaongeza ulinzi.

Zipo pia kompyuta ambazo antivirusi ya kulipia imeziacha wazi zaidi ya zilivyokuwa. Mwalimu mmoja wa sekondari aliniletea kompyuta mpakato aliyouziwa ikiwa na antivirusi ya majaribio ya miezi michache. Antivirusi nyingine ikisakinishwa, Defender hujiweka kando ili mbili zisigombane, na huo ni utaratibu mzuri kwa muda ambao hiyo nyingine inafanya kazi. Ya mwalimu ilikuwa imekwisha muda kitambo. Kila dirisha la kumtaka alipe lilipojitokeza yeye alilifunga na kuendelea kuandaa mitihani, huku orodha ya virusi ikiwa haijasasishwa tangu siku leseni ilipokoma na Defender ikiwa bado imekaa pembeni. Tuliiondoa programu ile, tukaiwasha kompyuta upya, na Defender ikaamka yenyewe na kuanza kupakua masasisho yake. Kazi nzima ilikwisha kabla chai haijapoa, na haikumgharimu chochote.

Biashara ya antivirusi nayo ina historia inayotosha kumfanya mnunuzi awe macho. Mwaka 2009 Symantec na McAfee kila moja ilikubali kulipa dola 375,000 katika jimbo la New York kwa sababu ya kuwakata wateja fedha za kuhuisha leseni bila kuwaeleza vya kutosha, na mwaka 2021 mamlaka ya ushindani ya Uingereza ilizibana Norton na McAfee kuhusu suala hilohilo hadi zikaahidi kurekebisha utaratibu. Upande wa programu za bure nao haukosi mawaa. Mwanzoni mwa mwaka 2020 ilifichuka kwamba Avast, kupitia kampuni yake tanzu ya Jumpshot, ilikuwa ikiuza kumbukumbu za tovuti zilizotembelewa na watumiaji wake, yaani watu walioiweka ili wasipelelezwe. Mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani iliitoza dola milioni 16.5. Antivirusi huona kila faili na mara nyingi kila ukurasa unaofunguliwa, kwa hiyo kuisakinisha ni kumpa mgeni ruhusa ya kuingia hadi chumba cha ndani, na ruhusa ya namna hiyo haitolewi kwa sababu tu muuzaji dukani amesema ni nzuri.

Wizi mwingi unaowapata watu leo hauhitaji virusi hata kidogo. Ujumbe wa «ile hela tuma kwenye namba hii» hauna faili ya kukaguliwa, na anayetoa nywila yake ya barua pepe kwenye ukurasa bandia ameitoa kwa mkono wake. Programu za kulipia huzuia baadhi ya kurasa za namna hiyo, lakini vivinjari kama Chrome, Edge na Firefox navyo vinazuia bila malipo. Kuweka uthibitisho wa hatua mbili kwenye barua pepe, yaani kudaiwa uthibitisho wa pili baada ya nywila, kwa mfano namba inayotumwa kwenye simu, humkwamisha mwizi hata pale ambapo nywila imeshavuja, na hilo ni bure pia.

Sasa nieleze fedha ile iende wapi. Kwanza iende kwenye bando la masasisho. Wengi wetu tumeizuia Windows isijisasishe kwa kuogopa isimalize bando, na hofu hiyo ina msingi, kwa sababu sasisho la mwezi mmoja linaweza kufikia mamia ya megabaiti au hata kuzidi gigabaiti moja. Lakini tukumbuke WannaCry, virusi vya kuteka faili vilivyoingia kupitia tundu la usalama ndani ya Windows. Microsoft ilitoa kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu lile, tarehe 14 Machi 2017, na virusi vilianza kusambaa tarehe 12 Mei, karibu miezi miwili baadaye, vikaziteka kompyuta zaidi ya laki mbili katika nchi zipatazo 150 na kuvuruga hospitali za Uingereza. Kompyuta iliyokuwa imesasishwa haikuingiliwa kupitia tundu hilo, iwe ilikuwa na antivirusi ya kulipia au haikuwa nayo. Bando la usiku mara moja kwa mwezi, kompyuta ikiachwa ijisasishe hadi asubuhi, linafanya kazi kubwa kuliko leseni ya mwaka mzima.

Pili iende kwenye diski ya nje ya kuhifadhia nakala rudufu. Diski hiyo ichomekwe siku ya kunakili, mara moja kwa wiki kwa mfano, kisha ichomolewe na kuwekwa kabatini, kwani virusi vya kuteka faili huteka pia diski yoyote vinayoikuta imechomekwa. Tena diski hii humwokoa mwenyewe hata kompyuta ikiibwa, ikiungua kwa umeme kurudi kwa kishindo au ikimwagikiwa maji, mambo ambayo kwetu hutokea mara nyingi na hayana antivirusi yake.

Wapo wanaopaswa kulipia. Mwenye steshenari, ambaye kompyuta yake hupokea flashi za watu wasiojulikana kutwa nzima, namwombea anunue leseni nzuri na aisasishe kila siku, kwa faida yake na ya wateja wake wote. Vivyo hivyo ofisi ndogo yenye taarifa za wagonjwa, za mishahara au za wanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa, ambako mtu mmoja anahitaji kuziangalia kompyuta zote kutoka sehemu moja.

Wenye Windows 10 wana swali lao la pekee, kwa kuwa Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025 na kompyuta nyingi zilizomo majumbani hazina vigezo vya Windows 11. Wauzaji wameshaanza kuwaambia kwamba antivirusi ya kulipia itaziba pengo hilo, na hiyo si kweli, kwa sababu antivirusi hukamata programu hasidi lakini haizibi tundu lililo ndani ya mfumo. Kilicho cha maana ni kujiandikisha katika mpango wa masasisho ya ziada ya usalama, ambao kwa watumiaji wa nyumbani uliwekwa hadi Oktoba 2026 na una njia ya kujiunga bila kulipa, kwa kutumia akaunti ya Microsoft. Muda huo ukiisha, kompyuta ambayo kazi yake ni kuandika na kuperuzi intaneti inaweza kuwekewa Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, ambao ni wa bure na haihitaji mashine mpya. Fundi anayeweza kuiweka apewe ujira wake bila kinyongo.