Picha pana ndani ya televisheni ya chogo

Kila msimu wa korosho, fedha za minada zinapoanza kuingia, kazi yangu ya kufunga madishi huongezeka kutoka Tandahimba hadi Nachingwea, na kila msimu ninakutana na lalamiko lile lile. Mtu amenunua televisheni bapa ya inchi 32, ameiunganisha na king'amuzi chake cha zamani, kisha anagundua kwamba kwenye baadhi ya chaneli za ubora wa kawaida winga anapokea mpira nje ya kioo, na habari zinazopita chini zinaanzia katikati ya neno. Kwa jirani, chaneli hiyo hiyo katika ubora wa juu inaonyesha kila kitu. Hitimisho lake huwa moja: kampuni inamkata picha makusudi ili ahamie kifurushi cha bei kubwa.

Sehemu ya lalamiko hilo ni ya haki, na nitaifikia. Tuhuma yenyewe, kwamba aliyekata picha alikata kwa hila au kwa uvivu, ndiyo ninayotaka kuipima, kwa kuwa naamini ukataji huo ulifanywa kwa ajili ya mtazamaji asiyesikika katika ubishi huu, yaani mwenye televisheni ya chogo, ile ya zamani yenye mgongo mkubwa, na ni watu wachache wanaopiga hesabu yake hadi mwisho.

Kioo cha chogo kina uwiano wa 4:3, upana sehemu nne kwa kimo sehemu tatu. Sinema ndiyo iliyoachana na umbo hilo kwanza: CinemaScope, mfumo wa filamu za picha pana, ilipoletwa Marekani mwaka 1953, mojawapo ya sababu ilikuwa kumpa mtu kitu ambacho televisheni ya nyumbani isingeweza kumpa. Umbo la 16:9 tunalolizoea leo lilipendekezwa miaka ya 1980 na mhandisi Kerns Powers kama umbo la kati, ambamo picha za zamani na picha pana za sinema zingeingia zote bila yoyote kupoteza sana. Umbo hilo lenyewe, kwa hiyo, lilizaliwa kama mapatano.

Ukitaka kuingiza picha ya 16:9 katika kioo cha 4:3 bila kuipotosha, njia ni mbili. Ukijaza kioo kutoka juu hadi chini, pembeni zitazidi na hazina budi kukatwa: sehemu moja ya nane kushoto na moja ya nane kulia, jumla robo ya picha. Ukiingiza picha nzima kwa upana wake, juu na chini hubaki mikanda myeusi ambayo ukiijumlisha ni robo ya kioo. Wengi huishia hapa, wakisema kwamba kama hasara ni robo kwa robo, basi heri kuvumilia weusi kuliko kumpoteza winga.

Hasara hizo hazilingani. Picha inapoingizwa nzima, kila kilichomo hupungua kimo na upana kwa pamoja, kila kipimo kikibaki robo tatu ya kile ambacho kingekuwa kama pembeni zingekatwa. Robo tatu mara robo tatu ni tisa ya kumi na sita, yaani asilimia 56 hivi. Chukua chogo ya inchi 21, ambayo kioo chake ni kama sentimita 43 kwa 32. Uso wa mtangazaji wenye kimo cha sentimita 8 na upana wa sentimita 6 katika picha iliyokatwa huwa na kimo cha sentimita 6 na upana wa 4.5 katika picha yenye mikanda. Eneo la uso limeshuka kutoka sentimita 48 za mraba hadi 27. Mtazamaji amerudishiwa robo ya picha, na kwa malipo yake amepunguziwa karibu nusu ya ukubwa wa kila uso, kila mpira na kila herufi.

Ninaing'ang'ania namba hiyo kwa sababu anayetazama kwenye kioo kikubwa hawezi kuihisi. Katika sebule nyingi ninazoingia Masasi na Newala, chogo moja hutazamwa na nyumba nzima pamoja na majirani, watoto wakiwa mkekani mbele na wazee wakiwa nyuma karibu na mlango, mita nne au zaidi kutoka kwenye kioo. Siku ya mechi kubwa wapo pia wanaochungulia kutoka barazani. Kwa aliye nyuma, maandishi ya tafsiri yanayosomeka kwa shida katika picha iliyokatwa hayasomeki kabisa yanapobaki robo tatu ya kimo chake. Mistari nayo hupungua: picha ya ubora wa kawaida katika mfumo tuliourithi hapa nchini ina mistari 576, na ikibanwa kati ya mikanda hubaki na 432, kwa hiyo sura haipungui ukubwa tu, inafifia pia.

Jambo hili nilifundishwa na mjomba wangu wa Newala. Niliwahi kumpangia king'amuzi kionyeshe picha nzima kwenye chaneli zilizoruhusu, nikamweleza kwa fahari kwamba sasa hakuna kinachokatwa. Haikupita wiki akanipigia simu: «Mjomba, ile mikanda uliyoniwekea siitaki. Njoo unirudishie picha yangu, watu wamekuwa kama siafu.» Nilimweleza tena alichokuwa anakikosa pembeni. Akaniuliza, «Huko pembeni kuna nini ambacho katikati hakipo?» Sikuwa na jibu siku ile, na nikamrudishia.

Swali lake linagusa namna vipindi vilivyokuwa vikitengenezwa. Katika miaka ambayo chogo na televisheni bapa ziliishi pamoja, watayarishaji walijua kwamba kazi yao itaonekana katika maumbo yote mawili, na wengi walipiga picha pana huku wakilinda eneo la katikati. Kwenye kioo cha mpiga kamera kulikuwa na alama za kumwonyesha mipaka ya 4:3, na nembo, majina na matokeo vilipangwa ndani ya mipaka hiyo. Mashine ya kampuni ilipokata pembeni, mara nyingi ilikata kile ambacho mtayarishaji alikwisha kukubali kwamba kinaweza kukosekana: ukuta, pazia, nyasi, watazamaji jukwaani.

Halafu kuna suala la nafasi angani, ambalo mlalamikaji huliruka. Kampuni ya dishi hukodi uwezo wa setilaiti na kuugawa kwa chaneli zake, na mawimbi yanayofika Liwale ndiyo yale yale yanayofika Dar es Salaam. Chaneli ya ubora wa juu hutumia nafasi ambayo ingetosha chaneli mbili au zaidi za ubora wa kawaida. Kurusha chaneli moja ya kawaida kwa sura mbili, moja ya chogo na moja ya bapa, ni kulipia nafasi mara mbili kwa kitu kile kile, na gharama hiyo ingerudi kwenye kifurushi. Kampuni ikichagua sura moja, ni busara imfikirie aliyekwama zaidi. Mwenye televisheni bapa anaweza, akipata uwezo, kuhamia chaneli ya ubora wa juu. Mwenye chogo anayetumia waya wa njano, ule unaobeba picha kutoka kwenye king'amuzi, hana pa kuhamia, maana waya huo haubebi ubora wa juu hata akiulipia.

Tena chogo haikufa kama ilivyotabiriwa. Mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, wengi walidhani seti za zamani zingegeuka makopo. Ilikuwa kinyume, kwa kuwa king'amuzi kiliunganishwa kwa zile waya tatu, nyekundu, nyeupe na njano, na seti ikapata maisha mapya.

Upande wa pili una hoja nzito, na nzito kuliko zote inatokana na mabadiliko ya watayarishaji wenyewe. Kati ya mwaka 2010 na 2011, mitandao mikubwa ya televisheni ya Marekani kama Fox, ESPN na CNN iliacha kukata pembeni kwenye matangazo yake ya ubora wa kawaida na kuanza kuonyesha picha nzima yenye mikanda. Kubadilika huko kuliwaondolea watayarishaji kifungo cha eneo la katikati: matokeo yakasogezwa kwenye kona halisi ya 16:9, na mstari wa habari ukatandazwa kutoka ukingo hadi ukingo. Kampuni inayoendelea kukata kipindi kilichopangwa hivyo haikati tena nyasi na mapazia. Inakata dakika ya mchezo, inakata herufi tatu za kwanza za jina la mji, na katika filamu inawakata wazungumzaji wawili walioketi ncha mbili za meza, ukabaki unaitazama meza.

Katika mpira hasara hiyo ni ya undani zaidi. Kamera kuu huufuata mpira, na mpira huwa karibu na katikati ya picha, kwa hiyo mtu anaweza kusema kwamba jambo kuu halipotei. Lakini anayeujua mchezo hautazami mpira peke yake. Kwenye kiwanja chenye urefu wa mita 105, hatari huanzia mbali na mpira, kwa mchezaji anayekimbilia nafasi iliyo wazi kabla pasi haijapigwa, na huyo ndiye anayekaa katika ile sehemu moja ya nane. Mkazi wa Ruangwa aliyezoea kuitazama timu ya Namungo akiwa uwanjani, macho yake yakizunguka yatakavyo, ana haki ya kuona kwamba picha iliyokatwa imemfichia nusu ya fikra za mchezo. Hoja hii naikubali bila kinyongo, ingawa mjomba angejibu kwamba mchezaji mwenye ukubwa wa siafu naye haonekani.

Hesabu inageuka kabisa pale picha iliyokatwa inapofika kwenye televisheni bapa. Hapo robo imekwisha kupotea, na mwenye televisheni, kwa kuchukia weusi uliobaki pembeni, huibonyeza rimoti mpaka picha inyooshwe ijaze kioo. Kila kitu kinaongezeka upana kwa theluthi moja, nyuso zinanenepa, mpira unakuwa yai. Akichagua kuikuza badala ya kuinyoosha, anapoteza robo nyingine, ya juu na chini, na jumla ya anachokiona ni tisa ya kumi na sita ya kilichopigwa. Namba ile ile niliyoitumia kumtetea mwenye chogo inarudi hapa ikimshtaki aliyekata.

Kwa hiyo ninatenganisha mambo mawili ambayo walalamikaji huyachanganya. Sehemu kubwa ya malalamiko ninayoitiwa huisha kwenye menyu: king'amuzi kiliwekwa 4:3 siku kilipofungwa kwenye chogo, televisheni ikabadilishwa, mpangilio ukasahaulika, na ninapouweka 16:9 picha inarudi yote. Hapo kampuni haikukata chochote. Lakini pale ambapo ukataji umefanyika kwenye mitambo ya kurushia, menyu haina msaada, na hapo naungana na mlalamikaji. Njia bora ipo na ni ya zamani: picha ya ubora wa kawaida yenye nukta 720 kwa 576 inaweza kubeba 16:9 nzima ikiwa imebanwa upana, pamoja na alama ya kukieleza king'amuzi umbo lake, kisha king'amuzi chenyewe kikate kwa mwenye chogo na kitandaze kwa mwenye bapa.

Kusita kwa kampuni kuhusu njia hii nakuelewa, kwa sababu nimeyaona matokeo yake. Zipo nyumba ambamo king'amuzi kilitoka kwenye boksi kikiwa kimewekwa 16:9, kikafungwa kwenye chogo na mtu asiyejua, na kwa miezi wakatazama watangazaji wembamba kama mianzi wakidhani seti imeharibika. Kumrekebishia mtu wa Liwale kosa la dakika mbili ni nauli ya kwenda na kurudi. Kukata kwenye chanzo kunamlinda mtu huyo asihitaji fundi kabisa, na ulinzi huo una thamani ambayo mjini haionekani.

Kama ukataji wa chanzoni lazima uendelee kwa muda, basi ningependa ufanywe kama BBC ilivyofanya Uingereza katika miaka ya mpito, kwa umbo la kati la 14:9. Hukatwa moja ya nane badala ya robo, na mikanda inayobaki ni myembamba. Kwa ile chogo yetu ya inchi 21, picha hubaki na kimo cha sentimita 27 na kitu, na uso wa sentimita za mraba 48 hushuka hadi 35 hivi badala ya 27. Nadhani mjomba angeuvumilia.

Msimu uliopita, katika mtaa mmoja wa Mtwara mjini, kijana aliyekuwa na lalamiko hili alinisomea hesabu ya fedha anazolipa na kudai mikanda myeusi irudishwe kwenye chaneli zote, kwa wote. Nilimuuliza chogo yake ya zamani ameipeleka wapi. Alisema iko Kitangari, kwa mama yake, na kwamba yeye mwenyewe ndiye anayemlipia mama kifurushi.