Mdhamini Bila Taarifa

Jamani, nimestaafu ualimu, sijastaafu kudhamini.

Tangazo la ajira likitoka, wakishaandika tu "majina ya wadhamini watatu wa kuaminika", Mtwara nzima inanikumbuka mimi. Kudhamini sikatai. Ninachokataa ni kuandikwa kimyakimya.

Juzi nipo soko la samaki la feri nabishania bei ya changu, simu inaita, namba ngeni. Dada wa watu, sauti ya ofisini: "Mzee, unamfahamu fulani?" Nami namba ngeni siku hizi naziogopa kuliko nyoka. Si hawa wa mikopo ya mtandaoni, mtu akishindwa kulipa wanawapigia wote waliomo kwenye simu yake? Nikajibu haraka, "Simjui, na deni lake lisinihusu!" Nikakata. Nikamgeukia changu wangu, keshauzwa.

Jioni mama yake huyo fulani yuko mlangoni analia. "Mwalimu, umemharibia mwanangu!" Mimi! Mwanawe mara ya mwisho nimemwona darasa la saba, anakimbia na mabibo ya mkorosho wa watu. Nimsifie nini? Mbio? (Mbio alikuwa nazo, hilo ningelisema.)

Na neno lenyewe lina balaa. Mahakamani mdhamini, kwenye kikoba mdhamini, kwenye kazi mdhamini. Jirani yangu fundi seremala aliombwa na kijana wake wa karakana, akalala kwa shemeji Mikindani siku mbili. Alidhani dogo akiacha kazi, watakuja kuchukua kochi lake.

Mmoja tu ndiye aliyekuja kiutu. Shikamoo, akaketi, akanipa nakala ya tangazo na wasifu wake, akanieleza nani atapiga. Hata simu niliichaji. Nilipopigiwa nilimmwagia sifa mpaka nikaulizwa kama ni mwanangu. Akapata kazi, akaniletea kilo ya korosho. Si rushwa, ilikuja baada ya barua.

Jana sasa, mpwa wangu. "Mjomba, nimekuandika." Nikamwambia ndugu hafai, wanataka mtu baki. Ila huku kwetu kumkatalia mpwa ni kujiitishia kikao cha ukoo.

"Sijaandika kwamba wewe ni mjomba," akasema. "Nimeandika mwajiri wa zamani."

"Nimekuajiri lini wewe?"

"Si nilikuchungia mbuzi miaka miwili? Halafu mjomba, na ule mshahara wangu tuuongelee."